Ngozi ya Sikitu

Juzi jirani yangu hapa Tunduma alileta mafundi wampakie chokaa ukuta wa uani. Mimi nilikuwa nimekaa nje nachambua mchele, malori yananguruma kule barabarani yakingoja zamu ya kuvukia Zambia, na watoto wanagombania ndoo bombani. Fundi akapasua mfuko wa chokaa, upepo ukavuma, ule unga ukanifikia puani. Nikaacha mchele. Usinicheke, rafiki yangu. Mtu mzima na mvi zangu nikabaki na ungo mapajani, machozi yananitiririka, mpaka fundi akaja mbio kuniomba radhi akidhani chokaa imeniingia machoni. Nikamwambia ndiyo, imeniingia. Ningemweleza nini mtoto wa watu?

Chokaa kwangu ni harufu ya Igamba, kule Mbozi. Najua wengine wakikumbuka kwao wananusa mvua au mkate unaookwa. Mimi nanusa chokaa iliyochanganyika na maua ya kahawa, na vyote viwili vinanirudisha kwenye asubuhi moja, nina miaka kumi, niko kwa bibi yangu mzaa mama.

Nilikaa kwa bibi tangu darasa la kwanza mpaka la saba. Wazazi wangu walikuwa huku mpakani wanahangaika na biashara, leo vitenge, kesho mafuta ya kula, na mtoto wa kuzungukazunguka naye sokoni walimwona mzigo. Sikulia sana. Kwa bibi kulikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, kahawa imeizunguka pande tatu, upande wa nne migomba inateremka hadi kijitoni. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito mpaka ukitoka nje unasikia kuku lakini humwoni. Ulisikia mlango wa jirani ukikwaruza chini, mtu akikohoa, mwanamke akiita mtoto aamke akachote maji, na wewe hujaona hata ncha ya paa. Nilikuwa nadhani dunia yote inaanza siku hivyo, kwa sauti kwanza, na vitu vinakuja baadaye.

Na katikati ya ukungu huo alikuwepo Sikitu.

Sikitu alikuwa ng'ombe, mwekundu, ana baka jeupe ubavuni. Nilimjua kwa joto lake kabla sijamwona. Bibi alikaa kwenye kigoda, kichwa ameegemeza kwenye paja la ng'ombe, anakamua huku anamsemesha kama mtu na shoga yake, anamweleza nani kagombana na nani kanisani, bei ya sukari imefikia wapi. Maziwa yalipiga ndani ya kibuyu kwa mlio mwembamba mwanzoni, kisha mlio mzito kadiri kibuyu kilivyojaa. Kazi yangu ilikuwa kupe. Nilimpekua masikioni, chini ya mkia, kwenye matiti, nawang'oa mmoja mmoja na kuwatumbukiza kwenye kopo la majivu ya moto. Alifumba macho nikimshika sikio. Bibi alikuwa akiniita mke mwenzake, ule utani wa bibi na mjukuu, na aliniambia, "Mke mwenzangu, wewe na huyu mmeshaoana, mimi nimebaki mpishi tu." Jioni tulikula ugali na maziwa mgando, juu yake bibi kanyunyiza chumvi kidogo. Nimekula hoteli kubwa tangu wakati ule, na sijala tena chakula cha namna ile.

Sasa nikuambie jambo moja, maana bila hilo hutaelewa lililofuata. Sikitu hakuwa wetu. Alikuwa ng'ombe wa kufugishwa. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja wa kijiji cha Itaka, rafiki wa marehemu babu yangu. Babu alipofariki na zizi likabaki tupu, yule mzee alileta mtamba akamkabidhi bibi amfuge. Hapakuandikwa karatasi. Utaratibu wa kwetu ulijulikana na kila mtu: maziwa na mbolea ni vya anayefuga, ndama wa kwanza na wa pili ni wa mwenye ng'ombe, na ndama wa tatu ni wako wewe mfugaji. Ng'ombe akikufia, unamchuna ngozi, unaikausha, unaipeleka kwa mwenyewe. Anaikunjua, anaangalia baka na rangi, anasema pole, mmemalizana. Usipopeleka ngozi, umemuuza. Hakuna maelezo mengine. Kulikuwa na bwana mmoja, sikumfahamu mimi, aliyefika kwa mwenye ng'ombe mikono mitupu akidai fisi wamemla mzimamzima. Mpaka nakua watoto wake walikuwa bado wanaitwa watoto wa fisi.

Bibi aliogopa jina la namna hiyo kuliko njaa. Alikuwa na msemo wake: ng'ombe wa mtu analala kwako, lakini roho yake inalala kwa mwenyewe. Ndama wa kwanza alikwenda Itaka. Wa pili akaenda Itaka. Mwaka ninaousimulia, Sikitu alikuwa na mimba ya tatu, na bibi alikuwa akipita anamgusa tumbo kwa kiganja. Alikuwa na miaka sitini na zaidi na hajawahi kuwa na ng'ombe anayeitwa wake.

Wakati huo tulikuwa na bwana mifugo kijana. Alitoka mbali, nadhani kanda ya ziwa, Kiswahili chake kilikuwa kinavutavuta tofauti na chetu, sisi tuliokuwa tunazungumza Kiswahili juu ya Kinyiha. Alikuwa mrefu, ana baiskeli, mabuti ya mpira na kasha la barafu amelifunga kwenye kareya kwa mpira mweusi. Watoto tulimkimbia kwa sababu ya sindano, kisha tukamfuata kwa mbali. Alikuwa mtu wa haya sana. Akisalimia wazee alivua kofia na kuinama mpaka unamwonea huruma mgongo wake. Siku moja mwalimu wetu wa darasa la nne alimkaribisha shuleni, akasimama mbele ya ubao, jasho linamtoka, akatufundisha kitu kimoja tu, tukakirudia kwa pamoja mpaka madirisha yakalia: ng'ombe akifa ghafla na damu inamtoka puani, usimguse, usimchune, mwite bwana mifugo. Tulikiimba njia nzima kurudi nyumbani kama mchezo.

Mwisho wa kiangazi, kahawa ikishavunwa, tangazo la chanjo lilisomwa kanisani. Ng'ombe wote wapelekwe Alhamisi pale penye josho, kuna chanjo ya kimeta. Na hapo ndipo maneno yakaanza. Ikasemwa kwamba sindano ile inatoa mimba. Ilisemwa kuna ng'ombe kijiji fulani alichomwa asubuhi, jioni ndama akatoka mfu. Hakuna aliyekuwa amemwona ng'ombe huyo, lakini kila mtu alijua rangi yake. Bwana mifugo alipita nyumba kwa nyumba kueleza kwamba si kweli, na watu wakamwitikia vizuri, ndiyo baba, ndiyo baba, kisha akiondoka wanatazamana.

Alhamisi ile, kabla ukungu haujainuka, bibi alimfungua Sikitu, na badala ya kuelekea barabarani akamteremsha kwenye kahawa, chini kabisa kule inapokutana na migomba. Akanipa kamba. Akaniambia nikae naye, nimkatie vipande vya mgomba ale, asilie. Sikuuliza. Nilikuwa najua, na nilikuwa nataka yule ndama kuliko hata yeye.

Nisikudanganye, ilikuwa siku tamu. Jua lilipenya kwenye majani ya kahawa likatua kwenye mgongo wake vipande vipande. Kwa mbali nilisikia ng'ombe wa kijiji kizima wakilia kule joshoni, wanaume wanapiga mbinja, na mimi na Sikitu tumejificha kwenye ubaridi, anatafuna mgomba, maji ya mgomba yanamdondoka mdomoni. Nilimlalia tumboni. Nadhani nilimsikia ndama, au labda nilitaka tu kumsikia. Nikasinzia hapohapo.

Saa tisa hivi bwana mifugo alifika nyumbani kwa baiskeli yake, nami nikapanda taratibu kupitia kwenye kahawa nikamwona. Aliuliza, kwa heshima yake ileile, mbona hakumwona ng'ombe wa mama. Bibi akamjibu bila kupepesa macho kwamba Sikitu yuko Itaka, mwenyewe alimhitaji, atarudi mwezi ujao. Bwana mifugo akatazama zizi. Akatazama chini. Kisha akasema sawa mama, akirudi niite, nitakuja na sindano yangu mwenyewe. Bibi akamfungia viazi vitamu vya kuchemsha kwenye jani la mgomba, akapokea kwa mikono miwili, akaondoka. Usiku ule bibi alisali sala ndefu kuliko kawaida.

Wiki zikapita. Sikitu hakuwa na neno. Tumbo likakua. Ng'ombe wenye mimba waliochanjwa, mimba zao hazikutoka, lakini bibi alisema tusubiri tuone.

Kisha mvua za kwanza zikanyesha. Kama hujawahi kuwa Mbozi siku chache baada ya mvua za kwanza, pole yako. Kahawa yote inachanua kwa pamoja. Unalala majani ni ya kijani, unaamka kila tawi limejaa maua meupe, na harufu yake inaingia mpaka kwenye mashuka. Bibi alipenda kusema Mungu amemwaga uji. Asubuhi hiyo niliamshwa na harufu hiyo nikatoka nje nikiwa na furaha ya bure tu, furaha ya mtoto, nikaenda zizini na kopo langu la majivu.

Sikitu alikuwa amelala ubavu. Miguu imenyooka, tumbo limevimba, na puani imetoka damu nyeusi, nyepesi, haigandi, imetengeneza kijito kidogo kwenye matope. Maua ya kahawa yalikuwa yameanguka juu yake, maana zizi lilikuwa chini ya miti. Nilisimama. Bibi alikuja nyuma yangu na kigoda na kibuyu, akaona, akaketi palepale kwenye kigoda kama anayetaka kukamua. Akashika kwato la Sikitu.

Alipozungumza sauti yake ilikuwa kavu. Alisema, "Nenda kwa jirani ukaniazimie kisu cha kuchunia. Kimbia, kabla jua halijaharibu ngozi."

Nikakimbia. Nilikimbia kweli, rafiki yangu, nilikuwa mtoto mtiifu. Lakini nyumba ya jirani iko kulia ukifika kwenye njia panda, na kushoto ni njia ya joshoni alikokaa bwana mifugo, na nilipofika pale miguu ikakataa. Ule wimbo wa shuleni ulikuwa unanizunguka kichwani. Usimguse, usimchune. Nikamwona bibi akilini, ameshika lile kwato. Nikaenda kushoto.

Bwana mifugo alikuwa anakunywa chai mlangoni. Sikumaliza sentensi. Aliiacha chai, akaniweka kwenye kareya, akakanyaga baiskeli kwenye matope yale mpaka mnyororo ukalia. Njiani hakuniuliza kwa nini ng'ombe aliyeko Itaka amefia Igamba.

Tulikuta watu wameshajaa. Jirani alikuwa amesikia mwenyewe, na alikuja na kisu chake bila kuazimwa, yeye na wanawe wawili, na wanawake wameshika mabeseni. Usidhani ni uroho. Kwetu ng'ombe akikufia majirani wanakuja kumchuna na kila nyumba inachukua fungu na kukupa kitu kidogo, ili msiba usikuelemee peke yako. Ulikuwa wema. Jirani alikuwa amepiga magoti, anapapasa shingo atafute pa kuanzia, na bibi anamwelekeza apite taratibu asitoboe ngozi.

Bwana mifugo aliitupa baiskeli chini. Yule mtu wa haya, asiyeinua sauti, alisema kwa nguvu, "Weka kisu chini, baba. Rudini nyuma wote."

Wakarudi, kwa mshangao zaidi kuliko utii. Jirani alibisha. Alisema wamekula mizoga tangu enzi za baba zao na wako hapa. Bwana mifugo akamjibu kwamba wapo ambao hawako hapa, na walipokufa na vidonda vyeusi mikononi mkasema wamerogwa. Akaeleza kwamba hicho ni kimeta, kimo ndani ya damu, ukimfungua tu kinamwagika na kukaa kwenye udongo miaka mingi, kinaua ng'ombe wengine na watu pia. Azikwe mzima, shimo refu, na chokaa juu. Wanawake wakaanza kuweka mabeseni chini polepole.

Bibi alikuwa bado ameshika kwato. Alimtazama yule kijana na kumwambia, "Nyama siihitaji, mwanangu. Nipe ngozi tu."

Akamwambia haiwezekani.

"Ngozi tu. Uzike vingine vyote."

Sijawahi kumsikia bibi akiomba. Alikuwa mwanamke wa kutoa. Akaanza kumweleza kuhusu mzee wa Itaka, na baka la ubavuni, na jinsi atakavyoitwa mwizi uzeeni, na sisi wajukuu wake tutaitwaje, na alipofika hapo akashindwa. Bwana mifugo alichuchumaa karibu yake, asimguse ng'ombe, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kesho kutwa atakwenda naye Itaka, yeye mwenyewe, amweleze mzee.

Wanaume wakachimba shimo mpaka mchana. Chokaa ikaletwa magunia mawili, ikamwagwa juu ya Sikitu na juu ya maua yaliyomwangukia, ikapanda hewani na kutupaka sote weupe. Ndama alizikwa naye, tumboni. Kamba yake ikachomwa moto, na kigoda cha bibi pia, kwa kuwa kililowa ile damu. Sote tuliomgusa tulipelekwa zahanati kupewa dawa, na hakuna aliyeugua. Bwana mifugo akapita kijiji kizima kuchanja ng'ombe waliofichwa. Walikuwa wengi kuliko tulivyodhani.

Bibi hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinipikia, akanichemshia maji ya kuoga, na hakunisemesha. Usiku wa kwanza tu, akiwa amegeukia ukutani, alisema, "Nilikutuma kisu." Nililia kimyakimya mpaka mto ukalowa, kwa sababu ilikuwa kweli.

Tuliondoka kwenda Itaka asubuhi ya siku ya tatu, kwa miguu. Nilikwenda kwa sababu hapakuwa na wa kubaki naye. Bwana mifugo alisukuma baiskeli, akiona nimechoka ananihurumia na kunipandisha. Bibi alivaa kitenge chake cha kanisani na alitembea mbele, mikono mitupu. Kila aliyekutana naye njiani alitazama ile mikono. Au labda hakuna aliyetazama, ni mimi tu.

Mzee wa Itaka alitukaribisha vizuri, tukapewa maji ya kunawa, tukakaa. Alikuwa anapukuchua mahindi. Alikuwa anamwita bibi shemeji, kwa ajili ya babu. Bwana mifugo akavua kofia na kusema yote: ugonjwa, siku, shimo, chokaa. Akamalizia kwa maneno ambayo nadhani aliyafikiria njia nzima: "Ngozi imezikwa kwa amri yangu, mzee. Kama unadai ngozi, basi ngozi ni mimi hapa."

Mzee aliendelea kupukuchua. Kisha akamjibu bila ukali kwamba anamheshimu kwa kazi yake, ila mtu wa serikali leo yuko hapa, kesho amehamishwa, na siku watu wakiuliza yeye atawaonyesha nini? Ngozi haihami.

Niliyasikia mahindi yakianguka kwenye ungo. Nilimtazama bibi na nikajua kwamba tunaondoka hapo tukiwa watoto wa fisi, na kwamba ni mimi niliyefanya hivyo, mimi na njia yangu ya kushoto.

Bibi akashuka kwenye kiti, akapiga magoti chini. Hakuna aliyemuuliza kitu.

"Shemeji," alisema, "chanjo ilikuja, nami nilimficha. Nilimficha kwenye kahawa. Kijana huyu alikuja mpaka mlangoni kwangu, nikamwambia ng'ombe yuko kwako hapa. Nilimtaka ndama wangu. Nimekuulia ng'ombe wako kwa kumtaka ndama wangu."

Bwana mifugo alitazama chini. Mzee aliacha kupukuchua. Aliliweka lile gunzi chini, na mke wake akatoka jikoni kuona kuna nini.

"Inuka, shemeji," akasema mwishowe. "Aliyeuza ng'ombe wa mtu haji kujisema ubaya asioulizwa. Ngozi nimeiona."

Kisha akaagiza chakula. Tulikula ugali na maharage na maziwa mgando, sote kwenye sinia moja, na bibi alikula huku machozi yanamdondoka na hakuna aliyejifanya kuyaona.

Tuliporudi, jua likiwa limeinama, bibi alimuuliza bwana mifugo kama siku ile ya viazi alijua. Akasema alijua, aliona kinyesi kibichi zizini. Bibi akamuuliza sasa kwa nini hakusema. Alisema alimwonea aibu, hakuweza kumwambia mtu wa umri wa mama yake kwamba ni mwongo, na tangu juzi hajalala.

"Basi tumemuua wote wawili," bibi alisema. Akanishika mkono, mara ya kwanza tangu siku ile. "Afadhali mke mwenzangu hasikii akitumwa."

Mzee hakuleta ng'ombe mwingine, na bibi hakumwomba. Zizi likaota nyasi. Bwana mifugo akahamishwa kweli, mwaka uliofuata, akaja kuaga na kofia mkononi. Lakini kila mwaka, tangazo la chanjo likisomwa kanisani, bibi alikuwa mtu wa kwanza kufika joshoni, hana ng'ombe hata mmoja. Alisimama pale penye njia nyembamba ya miti wanapopitishwa ng'ombe kuchomwa sindano, akiwashikia wengine kamba. Mwanamke akianza kunong'ona kuhusu mimba, bibi alimsogelea na kumwambia mbele za watu, "Mimi wangu nilimficha." Nilipokuwa msichana wa sekondari niliona haya, nikamwomba asiende. Alinitazama kama mtu asiyenifahamu, akaenda.

Mara ya mwisho nilimpeleka mimi. Miguu ilikuwa imemkataa, nikamkalisha kwenye kareya ya baiskeli nikamsukuma taratibu mpaka pale. Akaja mwanamke mmoja kijana, mgeni kijijini, mikono mitupu, akamwambia mchanjaji kwamba ng'ombe wake amesafiri. Mchanjaji akaandika. Bibi akamwita yule binti, akamkalisha karibu yake kwenye nyasi. Hakumuuliza amesafiri kwenda wapi. Alimwambia tu, "Nenda kamlete, mwanangu. Nakungoja hapa."

Yule binti akaenda. Ng'ombe wengine wakaisha, wanaume wakaanza kufunga makasha, nami nikamwambia bibi twende, jua limekwisha. Akasema, "Nimemwambia namngoja." Mchanjaji naye akaona aibu kuondoka, akaketi. Tukangoja. Ilikuwa karibu magharibi tulipomwona yule binti anakuja na ng'ombe wake mweusi, mwenye tumbo kubwa, anamvuta kwa kamba huku ameinamisha kichwa. Bibi akaomba tumwinue, akajikokota mwenyewe akamshika ng'ombe sikio alipokuwa anachomwa sindano.

Alifariki kabla ya masika. Siku hizi tangazo la chanjo linakuja kwenye simu, dawa zipo, wataalamu wapo na pikipiki zao, silibezi hata moja. Ng'ombe wa kufugishwa hakuna tena, kila mtu ana wake ndani ya uzio wake, na ngozi hakuna anayempelekea mwenzake. Mwaka jana nilikuwepo Igamba siku ya chanjo, nikaenda kusimama pale. Ilipofika saa nane walikuwa wameshamaliza na kuondoka. Mama mmoja akatokea bondeni anakimbia na ng'ombe wake, akakuta nimebaki mimi peke yangu, akaniuliza, "Hawakungoja?"